Jinsi ya kujua nchi ilimhukumuje dikteta wake (na jinsi ya kumuuliza mzee wako bila kufukuzwa)

Kuna siku mtu alituma kwenye grupu letu la familia picha ya pakiti ya maziwa ya Nyayo, ile ya pembe tatu, yale maziwa Rais Moi wa kaulimbiu ya Nyayo alikuwa anagawa bure shuleni, akaandika chini yake "enzi za rais wa ukweli". Dakika kumi hazijaisha watu wamejaza mioyo, shangazi amekumbuka vile yale maziwa yalikuwa matamu, binamu mmoja ambaye amezaliwa 1999 anasema Kenya inahitaji dikteta kidogo ndio watu wanyooke, halafu mjomba akatoka kwenye grupu. Hakuandika kitu, ni ile tu "ametoka". Nikampigia mara tatu, na hata aliposhika simu hakutaka hiyo habari, akaniuliza mahindi yangu yanaendeleaje.

Basi ndio nikaanza hii shughuli. Mimi si mwanahistoria, mimi natengeneza simu, lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nauliza wazee, nasoma ripoti, nazunguka mjini naangalia majina ya barabara kama mtu amepotea. Nawaandikia vile nafanya. Mfano wangu ni Moi, rais wa pili wa Kenya, kwa sababu ndiye namjua, lakini ukiwa Kampala ama Kinshasa njia ni ile ile, utabadilisha majina tu.

Kwanza kabisa tupa lile swali la "alikuwa mzuri ama mbaya". Halikupeleki popote. Aliyekunywa maziwa anasema kweli na aliyepigwa anasema kweli, utawaweka kwenye mizani gani hao? Badala yake uliza vitu vinavyoshikika. Maziwa yalikuja siku gani, nani alipata shamba, nani alifutwa kazi, nani alitoka asubuhi na hakurudi jioni. Na kuhusu nchi yenyewe usiulize "ilimsamehe?", uliza kaburi liko wapi, jina lake bado liko kwenye nini, karatasi ziko wapi na nani amelipwa. Hayo yana majibu.

Halafu jua miaka kabla hujafungua mdomo, maana mzee akigundua hujui hata mambo yalifuatana vipi atakupa hadithi ya watoto. Kwa Moi si kazi kubwa. Aliingia Agosti 1978 Kenyatta alipokufa. Juni 1982 bunge likapitisha kifungu 2A cha katiba, Kenya ikawa ya chama kimoja kisheria, KANU, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo wanajeshi wa anga wakajaribu kumpindua, wakashindwa. Februari 1984 mauaji ya Wagalla, huko Wajir. Kuanzia 1986 msako wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali. 1988 uchaguzi wa mlolongo. 1990 waziri Robert Ouko anauawa Februari, Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, yanalipuka Julai. Desemba 1991 kifungu 2A kinaondolewa, na wakati huo huo mapigano yameanza Bonde la Ufa. Akashinda 1992, akashinda 1997, akatoka 30 Desemba 2002. Akafa 4 Februari 2020 akiwa na miaka 95. Andika kwenye karatasi moja, weka mfukoni.

Sasa tembea. Hii ndiyo sehemu napenda kuliko zote na haina gharama, ni viatu tu. Ukiwa Nairobi anza Moi Avenue, ambayo zamani ilikuwa Government Road, na ujiulize nani mwingine ana barabara ya namna hiyo katikati ya mji. Jumba la Nyaraka za Taifa lenyewe liko kwenye hiyo barabara, yaani ukitaka kusoma faili za enzi yake lazima ushuke matatu kwenye jina lake. Kuna Chuo Kikuu cha Moi tangu 1984, kuna shule nyingi tu, kuna uwanja ambao jina lake rasmi ni Moi lakini hakuna mtu analitaja, watu wanasema Kasarani basi. Hilo pia liandike, maana wakati mwingine wananchi hufuta jina kwa kutolitumia tu, bila kamati wala maandamano.

Halafu nenda mpaka pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Upande mmoja kuna Nyayo House, lile jengo refu ambapo watu wanapanga foleni ya pasipoti. Chini yake kuna vyumba. Jengo lilifunguliwa 1983, na miaka ile ya Mwakenya watu walifungiwa huko chini gizani, wengine wakiwa uchi, chumba kinajazwa maji wanakaa ndani ya hayo maji siku kadhaa, halafu wanapandishwa kwa lifti mpaka ghorofa za juu kuhojiwa. Wakishavunjika walipelekwa kortini, mara nyingi jioni watu wameshaenda nyumbani, bila wakili, wanakubali mashtaka na kufungwa. Mwandishi Wahome Mutahi, yule aliyetuchekesha kila Jumapili gazetini, alipitia msako huo. Vyumba vilifunguliwa watu waone Februari 2003, miezi miwili hivi baada ya Moi kutoka, na waliopona wakaingia nazo kamera wakionyesha "mimi nilikuwa hiki, yule alikuwa kile". Wameomba miaka yote pageuzwe makumbusho. Mimi nilipoenda kuchukua pasipoti niliuliza askari mlangoni ile sehemu ya chini unaingilia wapi, akanitazama akaniambia foleni ya pasipoti ni ile.

Vuka barabara sasa. Ndani ya Central Park kuna mnara wa Nyayo wa 1988, wa kusherehekea miaka kumi ya utawala wake. Ni mkono uliokunja ngumi umeshika rungu, unatoka juu ya Mlima Kenya. Simama pale ugeuke. Mnara uko upande huu, vyumba viko upande ule, katikati ni barabara tu na magari ya kwenda Westlands. Nimepeleka watu watano pale na hakuna hata mmoja nimehitaji kumweleza kitu.

Na usiondoke bila kwenda Uhuru Park, Freedom Corner. Hapo ndipo kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa 1992 pamoja na Wangari Maathai wakidai watoto wao, polisi wakawapiga, baadhi ya hao mama wakavua nguo mbele ya polisi, na kwa sisi huku mama wa umri wa mama yako akikuvulia nguo hiyo ni laana na hakuna askari hajui. Baadaye wakahamia kanisa la All Saints wakaendelea na mgomo wao huko. Leo ukienda kuna mnara kweli, wa mwaka 2015, lakini ni wa walioteswa na Waingereza wakati wa Mau Mau, na Waingereza ndio walitoa pesa za kuujenga, baada ya kukubali 2013 kulipa Wakenya zaidi ya 5,200 karibu pauni milioni 20. Kwa hiyo mkoloni aliyetutesa ana mnara wa kukiri, wetu wa nyumbani ana mnara wa rungu. Ukitaka kupima nchi, pima hapo.

Umechoka kutembea, kaa chini uangalie pesa na kalenda. Pesa za zamani zilikuwa na uso wake, kama una sarafu weka vizuri, tutaitumia baadaye. Katiba ya 2010 ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote, na watu wengi wanafikiri ni sheria ya kiuchumi, hapana, ni hukumu ile, ni wananchi wanasema tumechoka kuwa na mtu mfukoni. Noti mpya zilipotoka 2019 zikawa na jumba la mikutano la KICC pamoja na sanamu ya Kenyatta mbele yake, watu wakaenda kortini kubishana kama sanamu ni picha. Tulicheka lakini walikuwa na hoja.

Kalenda ndiyo kichekesho kabisa. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi. Katiba mpya haikuitaja, ikafa kimyakimya, watu wakaenda kazini. Halafu 2017 mahakama ikasema hapana, sheria ya sikukuu bado inaitaja, kwa hiyo ni sikukuu, na Oktoba iliyofuata tukapumzika kwa heshima ya mtu ambaye nusu ya nchi haikutaka kumsikia. Serikali ikaona aibu ikabadilisha jina, ikawa Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni siku ya Mazingira. Siku moja, majina manne. Si kumheshimu huko na si kumkataa pia, tulitaka likizo bila yeye, ndivyo nionavyo mimi. Nchi nyingi ziko hivyo, usitegemee kupata hukumu safi.

Kuhusu karatasi sasa. Hapa watu wengi huacha kwa sababu ni kazi ya kuchosha, lakini ukifanya hata kidogo umewapita asilimia kubwa ya wanaobishana mtandaoni. Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala, za bunge la Kenya za miaka hiyo nyingi zipo bure kwenye intaneti, zimeskaniwa, unatafuta neno unasoma. Tafuta mjadala wa Juni 1982 usome vile wabunge walivyoshangilia kujifunga kamba wenyewe. Magazeti ya zamani utayapata Nyaraka na maktaba ya McMillan, na nakushauri usome Taifa Leo pamoja na yale ya Kiingereza, Kiswahili cha wakati ule kina harufu yake.

Halafu kuna ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Historia ya hiyo ripoti ni somo peke yake. 2003 kamati ya Makau Mutua iliambia serikali ya Kibaki, aliyemrithi Moi, iunde tume haraka, haikuundwa. Ikaja kuundwa baada ya watu kuchinjana 2007 na 2008, ikazunguka nchi nzima kusikiliza, ikakabidhi ripoti Mei 2013 kwa Rais Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza na mtu aliyeletwa kwenye siasa na Moi mwenyewe. Makamishna watatu waliotoka nje ya Kenya walikataa kuweka sahihi kwenye sehemu ya ardhi wakisema imebadilishwa. Bunge likarekebisha sheria, ripoti ikalala. Machi 2015 Uhuru aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa, na ukiuliza wazee wa Wajir kuhusu hizo bilioni wanakutazama tu. Lakini ripoti ipo, ishushe kwenye simu, ni nzito kidogo kwa hiyo tumia waifai ya mtu. Usiisome kuanzia mwanzo utalala. Nenda moja kwa moja kwenye Wagalla. Serikali ilisema waliokufa pale uwanja wa ndege ni 57. Tume ikasema karibu elfu moja. Soma maelezo ya wanaume kulazwa kwenye ardhi ya moto bila maji siku tatu nne, halafu funga simu uende nje kidogo.

Na mahakama usizisahau. Watu walioteswa walipoona tume hazifiki mahali walienda mmoja mmoja kushtaki serikali, na mwaka 2010 kwa mfano watu 21 walishinda kesi kwa pamoja, na baada yao wengine wengi. Hukumu hizo ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Hakuna mtesaji alifungwa, aliyelipishwa ni serikali, maana yake mimi na wewe na hata yule aliyeteswa mwenyewe kupitia ushuru wake, na kuna walioshinda wakasubiri malipo mpaka wakachoka. Lakini jaji ameandika kwamba ilitokea. Kwenye mabishano ya grupu hiyo peke yake inatosha kumnyamazisha mtu anayesema ni uongo wa upinzani.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Ona Chad. Hissène Habré alitawala 1982 mpaka 1990, akapinduliwa akakimbilia Dakar, akaishi vizuri tu miaka na miaka. Mwaka 2001 watu wa haki za binadamu waliingia kwenye jengo la polisi wake wa siri pale N'Djamena wakakuta maelfu ya karatasi zimetupwa sakafuni, orodha za wafungwa, vyeti vya vifo, kila kitu. Hao polisi walikuwa wameandika uovu wao wenyewe vizuri kabisa kama karani wa sukari. Waliopona gerezani nao walikuwa wamekusanya ushahidi wao, na tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalum ya Kiafrika iliyokaa Dakar ikamfunga maisha. Akafa 2021 akiwa bado mfungwa. Kwa hiyo mtu akikuambia Afrika haiwezi kuhukumu wakubwa wake, mwambie ilishafanya, ila ilichukua zaidi ya miaka 25 na karatasi za sakafuni.

Kaburi nalo usiliache. Moi alilala bungeni siku tatu watu wakipita kumtazama, ibada ikafanywa uwanja wa Nyayo, kesho yake akazikwa Kabarak kando ya mkewe kwa heshima zote za kijeshi, na mtoto wake mmoja akampa mwingine ile rungu baba yao alikuwa anatembea nayo, watu wote wakiona kwenye televisheni. Idi Amin alikufa Jeddah Agosti 2003 akazikwa huko huko Saudia, Uganda hakurudi. Mobutu yuko Rabat, Moroko, tangu 1997. Franco wa Hispania alikaa kwenye kaburi la kifahari karibu miaka 44 kabla serikali kumfukua Oktoba 2019 na kumpeleka makaburi ya kawaida. Na Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, huyo ndiye wa kukuonyesha kwamba hukumu haikai: alijitawaza mfalme mkuu 1977, akarudi nyumbani 1986 akahukumiwa kifo, ikapunguzwa, akaachiliwa 1993, akafa 1996, halafu 2010 rais wa wakati huo akamsafisha rasmi kwa amri na kumsifu kama mjenzi wa taifa. Kwa hiyo ukiandika nchi fulani "imemhukumu" andika na mwaka, maana mwaka kesho inaweza kugeuka.

Maneno pia ni ushahidi, na sisi wa Kiswahili tuna bahati hapo. Shemeji yangu ni wa Bukoba. Mbele yake huwezi kusema "Idi Amin" hivi hivi, yeye anasema nduli. Nduli Idi Amin. Neno lilikuwepo zamani, la muuaji asiye na huruma, lakini baada ya Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa 1978 na Nyerere kutangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, redio na mchakamchaka wa shule vikalifunga hilo neno kwake mpaka leo hata mtoto aliyezaliwa juzi akisikia nduli anafikiria Amin. Pale Kaboya kuna makaburi ya wanajeshi waliokufa kwenye vita hiyo, na mama yake shemeji anahesabu umri wa watu kwa kusema kabla ya vita na baada ya vita. Tanzania ilitoa hukumu yake kwa neno moja. Nenda Kampala sasa, utapata vijana wanamtetea, wanasema aliwapa Waafrika maduka, alijenga hiki na kile, na ukiwauliza hayo maduka yaliishia mikononi mwa nani mnaanza kubishana upya. Mtu mmoja, mpaka mmoja, hukumu mbili.

Sasa chukua maneno ya kwetu. Mtukufu Rais. Fuata nyayo. Siasa mbaya, maisha mbaya. Kasuku, kwa sababu 1984 alisema hadharani kwamba anataka mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku wimbo wake, kama yeye alivyoimba wa Kenyatta. Mlolongo, ambapo mlipanga foleni nyuma ya mgombea wenu mchana kweupe na bado foleni fupi ikashinda. Andika ni gani bado yanatumika na yanatumika vipi. Nikisikia watu wanamwita "Mzee Moi" kwa sauti laini najua wameamua kumsahau vizuri, na hiyo ni haki yao, lakini nikisikia mtu anasema mlolongo huku anacheka kicheko kifupi, huyo ndiye nataka kunywa naye chai.

Na hapo tunafika kwa wazee.

Usiende siku ya kwanza na simu imewashwa inarekodi. Nenda na sukari na majani, ukae, usaidie kazi iliyopo. Mimi mama yangu nilimpata tukipukuchua mahindi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi na macho yako chini mdomo unafunguka. Usianze na siasa. Anza na kitu. Ile sarafu niliyokuambia uweke, itoe, mpe ashike, muulize ilikuwa inanunua nini. Utashangaa. Kutoka kwa sarafu mama alienda kwa bei ya unga, kutoka kwa unga akaenda kwa soko, kutoka kwa soko akafika kwa vijana wa KANU waliokuwa wanasimama kwenye lango la soko wakidai kadi ya chama, huna kadi huingii, na vile alimkopesha jirani kadi yake wakati jirani hakuwa na yake. Mimi sikuwa nimeuliza lolote kuhusu KANU.

Maswali ambayo yamenifanyia kazi ni madogo. Habari za saa moja jioni mlikuwa mnasikiliza kwa nani? Chifu alikuwa nani na alikuwa anapenda kuletewa nini? Baraza lilifanyika siku gani na usipoenda ilikuwaje? Lakini swali langu bora kuliko yote ni hili: picha ya rais ilikuwa imetundikwa wapi, na nani aliiteremsha, siku gani? Kila duka, kila ofisi, nyumba nyingi pia zilikuwa nayo. Mzee mmoja wa duka aliniambia aliitoa 31 Desemba 2002 asubuhi kabla ya kufungua, siku moja baada ya watu kumrushia Moi matope pale Uhuru Park na kuligeuza pambio la kanisani wakaimba yote yawezekana bila Moi. Mwingine aliniambia hajaitoa mpaka leo, akanionyesha, iko nyuma ya kalenda. Mama yangu alisema baba aliitoa, karatasi ikawashia jiko, na kioo kikafika sawasawa kwenye dirisha la jikoni lililokuwa limevunjika.

Na wakati ananiambia hayo aliinuka akaenda kufunga hilo dirisha. Hii ilikuwa 2019, Moi mwenyewe ni mzee wa miaka 95 hawezi kutembea, KANU haina hata meno, na mama anafunga dirisha kwanza ndio aseme. Mambo kama hayo yaandike usiku huo huo, hayatokei kwenye rekodi.

Usiulize mtu mmoja. Uliza wa Baringo, kwao Moi, na wa Molo, kulikokuwa na mapigano, na, ukiweza, wa Wajir. Wa Baringo atakuambia barabara na shule na hadanganyi, barabara zipo. Wa Molo atakuambia walitoka usiku na godoro kichwani 1992. Usijaribu kuwapatanisha, wewe si tume. Uliza wanawake hasa, kwa sababu mwanaume aliyefungwa atakueleza siasa, mke wake atakueleza karo ililipwaje na nani katika ukoo aliacha kuwatembelea. Mtu akinyamaza, nyamaza naye. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo kama ni lazima, lakini usijaze kimya kwa swali lingine.

Mjomba alichukua safari tatu. Mbili za kwanza ni mahindi tu. Ya tatu akaniambia alichukuliwa kazini siku ya Alhamisi mwaka 1987, wanaume wawili na gari la kawaida, na alirudi baada ya siku kumi na tisa. Alikopelekwa hakupataja na mimi sijauliza. Mpaka leo hawezi kukaa na soksi zenye unyevu hata kidogo, akinyeshewa anasimama pale pale barabarani anavua viatu. Halafu akaniambia kuhusu maziwa. Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya maziwa shuleni, na binti yake wa darasa la pili alikunywa nusu, nusu akamwekea baba kwenye kikombe chini ya kitanda, na hakukubali mtu akimwage. Aliporudi kikombe kilikuwa bado kipo. Alisema ile harufu ndiyo ilimwambia amekuwa nje siku nyingi kiasi gani, kwa sababu kule alikuwa amepoteza hesabu.

Hayo maziwa yalikuwa ya Moi. Mimi sijui ningeyaweka upande gani wa mizani, ndiyo maana nimewaambia muache kupima.

Kabla hujaweka kitu cha mtu mtandaoni muombe ruhusa, na muombe mara mbili, siku mbili tofauti, kwa sababu siku ya kwanza anakubali kwa vile amekuzoea na usiku anakosa usingizi. Muulize kama unaweza kutaja jina, kijiji, kazi yake. Mjomba alisema hadithi sawa, jina hapana, na binti yake pia aliulizwa akakubali. Hifadhi rekodi sehemu mbili, moja nje ya simu yako, nasema hivi kama mtu ambaye kila wiki anafungua simu zilizoanguka kwenye choo. Andika tarehe, mahali, nani alikuwa chumbani. Mpe mwenyewe nakala yake kwenye kadi ndogo hata kama hana pa kuichezesha.

Mjomba nilimrudisha kwenye grupu mwezi uliopita. Alikaa siku nne kimya, ya tano akatuma picha ya mahindi.